Potifolio dijitali kwa wanafunzi wa ualimu: amueni kwanza nani ataisoma

Swali: Shikamoo Daktari. Mimi ni mhadhiri msaidizi katika kitivo cha elimu cha chuo kikuu kimoja hapa Tanzania. Kuanzia mwaka ujao wa masomo, idara yetu inataka wanafunzi wote wa mwaka wa pili wanaokwenda mazoezi ya kufundisha watumie potifolio dijitali, yaani mkusanyo wa kazi na tafakuri zao uliohifadhiwa mtandaoni, badala ya lile faili la karatasi. Wanafunzi ni 160, wasimamizi tuko wanane, na mazoezi ni ya wiki 8. Rasimu ya mwongozo inasema kila mwanafunzi apakie maandalio yake yote ya somo, picha za darasani na tafakuri ya kila wiki, kisha mwisho tuipe potifolio alama. Mimi nimepewa kazi ya kuchagua mfumo. Nianzie wapi? Na je, kweli hii itaonyesha walichojifunza, au tutakuwa tumehamisha karatasi tu kuzipeleka kwenye kompyuta?

Jibu: Marahaba, mwalimu mwenzangu. Swali lako la mwisho ndilo lililostahili kufungua kikao cha idara, na ni vizuri umeliuliza kabla fedha hazijatoka. Kwa rasimu hiyo mtakuwa mmehamisha karatasi, na hakuna mfumo utakaobadilisha hilo. Lakini rasimu inarekebishika, tena kwa kupunguza. Ikirekebishwa, potifolio inaweza kuwaonyesha jambo ambalo mtihani wa mwisho wa muhula na fomu ya msimamizi haviwezi kulionyesha: namna ufundishaji wa mtu ulivyobadilika kati ya wiki ya kwanza na wiki ya saba, na kama yeye mwenyewe anajua kwa nini umebadilika.

Tupige hesabu kwanza. Mwanafunzi mwenye vipindi 12 kwa wiki atakuwa na maandalio 96 baada ya wiki 8. Kwa wanafunzi 160 hayo ni maandalio 15,360. Mkigawana sawasawa, kila msimamizi anabaki na maandalio 1,920 na tafakuri 160, bado picha. Kila andalio likipewa dakika 3 tu, ni saa 96 za kusoma kwa kila mmoja wenu, na hapo hamjasafiri kwenda kumwona mwanafunzi hata mmoja akiwa darasani. Hamtasoma. Si kwa uvivu, ni kwa sababu haiwezekani. Na wanafunzi watalitambua hilo mapema sana. Mtu akishajua kwamba anachoandika hakisomwi, ataanza kunakili tafakuri ya wiki iliyopita na kubadilisha tarehe, kama vile vitabu vya kumbukumbu za mafunzo kwa vitendo vinavyojazwa usiku mmoja kabla ya siku ya kukabidhi. Simlaumu mwanafunzi huyo. Ameombwa kumwandikia msomaji ambaye hayupo.

Ndiyo maana nasema kazi yako ya kwanza si kuchagua mfumo. Ni kuwafanya wenzako wakubaliane nani atasoma nini, wiki gani, na baada ya kusoma atamjibu mwanafunzi nini. Kiasi cha kupakia kitokane na uwezo wenu wa kusoma. Mkianza na mfumo, kiasi kitatokana na ukubwa wa hifadhi, na hifadhi siku hizi ni kubwa kuliko muda wa mhadhiri yeyote.

Kuna mkanganyiko mwingine ndani ya rasimu yenu ambao nimeukuta katika vyuo vingi. Helen Barrett, mwalimu wa Marekani ambaye ni miongoni mwa waliotangulia kushughulikia potifolio za kielektroniki, aliwahi kueleza kwamba potifolio ina sura mbili. Moja ni chumba cha kazi, mahali mwanafunzi anapohifadhi mambo yakiwa bado mabichi, anapojaribu, anapokosea na kujiuliza. Nyingine ni onyesho, kazi chache zilizochaguliwa kwa ajili ya macho ya watu wengine. Mimi huongeza ya tatu: rekodi ya chuo, ile ambayo wakaguzi wa ithibati wakija mnataka kuwaonyesha kwamba mafunzo yamefanyika. Zote tatu ni halali. Ila haziwezi kukaa mahali pamoja chini ya sheria moja. Mwanafunzi hawezi kuandika kwa ukweli kwamba darasa lilimshinda kama ukurasa huohuo ndio utakaopewa alama, ndio utakaoonwa na mkuu wa shule, na ndio atakaoupeleka kwa mwajiri. Ataandika kwamba somo lilikwenda vizuri na wanafunzi walishiriki kikamilifu.

Kwa hiyo tenganisheni. Chumba cha kazi kiwe cha mwanafunzi, na msimamizi wake aingie pale tu anapokaribishwa. Onyesho liwe kile kidogo anachokichagua na kukikabidhi. Rekodi ya chuo ipatikane kwa sampuli. Salt Lake Community College, kule jimbo la Utah, iliifanya potifolio kuwa sharti katika masomo yake ya msingi kuanzia mwaka 2010, na ilipotaka kujipima kama chuo, jopo la wahadhiri lilisoma sampuli ya potifolio, si zote. Kwenu potifolio 20 zikichaguliwa kwa bahati nasibu kila mwaka na kusomwa kwa makini na watu wawili wawili, mtakuwa na ushahidi wa kuwapelekea TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) ulio imara kuliko mafaili elfu kumi na tano ambayo hakuna aliyeyafungua.

Sasa niende kwenye kiini, yaani kujifunza kunaonekanaje. Mfano ninaoupenda ni wa Alverno College, chuo kidogo cha wanawake katika mji wa Milwaukee, Marekani. Tangu mwaka 1973 chuo hicho kilipanga mtaala wake wote kuzunguka uwezo 8 ambao mhitimu lazima auonyeshe, kama vile kuwasiliana, kuchambua na kutatua matatizo. Mwanafunzi mpya hurekodiwa kwa video akizungumza mbele ya wenzake, kisha anajitathmini kwa vigezo vilivyo wazi. Baadaye anarekodiwa tena, na anaketi kuziangalia rekodi mbili. Mwaka 1999 walipoanzisha potifolio yao ya kidijitali, kompyuta ilikuja kurahisisha desturi ambayo tayari ilikuwa imeota mizizi kwa zaidi ya miaka 20. Nguvu yote iko katika zile rekodi mbili. Kazi moja, hata iwe nzuri namna gani, inaonyesha mtu anaweza nini siku hiyo. Kazi mbili za aina moja, zilizopishana muda, zikiwa na maelezo ya mwenyewe kuhusu tofauti yake, ndizo zinazoonyesha kujifunza.

Kwa mazoezi ya wiki 8 ningeomba vipande vitatu tu. Kipande cha kwanza kikabidhiwe mwisho wa wiki ya pili: andalio moja la somo ambalo halikwenda kama lilivyopangwa, pamoja na ushahidi mmoja kutoka darasani na tafakuri isiyozidi maneno 300. Kipande cha pili kije wiki ya tano: jambo lilelile limejaribiwa tena kwa njia nyingine, pengine na mkondo mwingine au mada nyingine, pamoja na ushahidi wa aina ileile. Kipande cha tatu, wiki ya nane, ni maelezo ya kurasa mbili yanayolinganisha hivyo viwili na kusema nini kimebadilika na nini bado. Kila msimamizi ana wanafunzi 20, hivyo anasoma vipande 60. Ukivipa dakika 10 kila kimoja, ni saa 10 kwa mazoezi yote. Hizo zinapatikana.

Nimesema ushahidi, na hapa rasimu yenu inakosea zaidi kuliko penginepo. Picha ya mwanafunzi wenu akiwa amesimama ubaoni na chaki mkononi si ushahidi wa chochote isipokuwa kwamba alikuwepo. Ushahidi wa ufundishaji uko kwa waliofundishwa. Tuseme mwanafunzi wenu amefundisha kidato cha kwanza kujumlisha sehemu zenye asili tofauti. Tafakuri ya kawaida inayokuja huwa hivi:

“Somo lilikwenda vizuri. Wanafunzi walielewa na walishiriki kikamilifu. Changamoto ilikuwa uhaba wa vitabu na muda kuwa mdogo. Nimejifunza mengi na nitaboresha wakati ujao.”

Hapo hakuna la kusoma. Hiyo ingeweza kuandikwa na mtu yeyote kuhusu somo lolote, hata na mtu ambaye hakuingia darasani. Sasa linganisha na hii, niliyoitunga kuonyesha kiwango ninachokikusudia:

“Niliuliza ‘Mmeelewa?’ na darasa zima likaitika ‘Ndiyo!’ Nikaendelea. Jioni nilipokusanya madaftari nikakuta 19 kati ya 46 wameandika kwamba nusu kujumlisha theluthi ni mbili ya tano. Wamejumlisha juu kwa juu na chini kwa chini. Nimeambatisha picha ya madaftari matatu, majina nimeyafunika. Nilianza na kanuni ya kutafuta kigawe kidogo cha shirika kabla hawajaona kwa nini asili lazima zilingane. Wiki ijayo nitaanza na mchoro wa mistatili miwili iliyogawanywa, na kabla ya kuendelea nitawapa swali moja la kuandika kwenye karatasi badala ya kuwauliza kama wameelewa.”

Mwandishi wa tafakuri hii amekutana na kitu kinachowatokea walimu wote wa nchi hii, lile “ndiyo” la pamoja ambalo halimaanishi chochote, naye amelishika na kulichunguza. Msimamizi akisoma hapo ana la kumjibu. Anaweza kumwambia ajaribu pia kuwauliza wanafunzi kama mbili ya tano ni kubwa au ndogo kuliko nusu. Wiki ya tano mwanafunzi ataleta madaftari mengine, na sote tutaona kama kosa limepungua. Hata lisipopungua, tutakuwa na jambo la maana la kuzungumza.

Ushahidi mwingine mzuri, na wa bei nafuu mno, ni sauti. Mwambie mwanafunzi aweke simu mezani arekodi dakika 5 za somo lake, zile za maswali na majibu, kisha akae nazo jioni akiwa na saa. Ahesabu sekunde anazowapa wanafunzi baada ya kuuliza swali kabla ya yeye mwenyewe kujibu au kumgeukia mwingine. Mary Budd Rowe, mtafiti wa ufundishaji wa sayansi nchini Marekani, alionyesha katika miaka ya 1970 kwamba walimu kwa kawaida husubiri takriban sekunde moja tu, na kwamba wakisubiri sekunde 3 au zaidi majibu ya wanafunzi yanakuwa marefu na yenye hoja zaidi, na wanaojitolea kujibu wanaongezeka. Katika madarasa yetu ya sekondari, ambako mtoto anasikiliza swali kwa Kiingereza, analifikiria kwa Kiswahili, kisha anatafuta maneno ya kurudi nayo kwenye Kiingereza, sekunde hizo zina uzito wa pekee. Mwanafunzi wenu akirekodi wiki ya pili na tena wiki ya tano, ana namba mbili za kulinganisha na sauti ya kuzithibitisha. Sijaona fomu ya tathmini inayofundisha jambo hili vizuri kama sikio la mtu mwenyewe.

Kuhusu alama, nakusihi uwe mkali kwenye kikao. Chumba cha kazi kisipewe alama kabisa. Vipande vya wiki ya pili na ya tano vihesabiwe kuwa vimekabidhiwa au havijakabidhiwa, na msimamizi ajibu kwa sentensi tatu nne ndani ya siku chache, maana mrejesho unaofika baada ya mazoezi kwisha hauna kazi tena. Kipande cha mwisho ndicho kipewe alama, na alama zitolewe kwa ubora wa kufikiri, si kwa uzuri wa somo. Mwanafunzi aliyeshindwa kudhibiti darasa lakini akaweza kuonyesha kwa ushahidi ni wapi na kwa nini, na amejaribu nini, apate zaidi ya yule aliyeleta maandalio yanayong’aa bila swali hata moja. Ubora wa somo lenyewe tayari mnaupima mnapokwenda kumwona darasani. Msiupime mara mbili.

Hofu ya wanafunzi kuhusu tafakuri za kweli msiichukulie kijuujuu. Nchini Uingereza madaktari walio mafunzoni huandika tafakuri zao kwenye potifolio za kielektroniki. Mwaka 2018, baada ya daktari mmoja wa Leicester kufutwa kwenye daftari la madaktari kufuatia kifo cha mtoto, zilienea habari kwamba tafakuri zake zilitumika dhidi yake mahakamani. Chama kilichomtetea kisheria kilieleza kwamba tafakuri za potifolio hazikuwa sehemu ya ushahidi mbele ya mahakama, na baadaye mwaka huohuo Mahakama ya Rufaa ilimrejesha kwenye daftari. Lakini uvumi peke yake ulitosha kuwafanya madaktari wengi vijana waogope kuandika. Kwenu haitafika mahakamani, ila mwanafunzi mmoja akisikia kwamba alichokiri kwenye potifolio kilisomwa kwa sauti kwenye chumba cha walimu, kundi zima litaanza kuandika yale ya “somo lilikwenda vizuri”. Andikeni kwenye mwongozo, kwa lugha isiyo na utata, nani anaruhusiwa kuona nini. Kisha mlinde mlichoandika.

Utaniuliza kuhusu akili unde. Tangu ChatGPT ilipotolewa Novemba 2022, tafakuri ya jumla jumla inaweza kuandikwa na mashine kwa sekunde chache, tena kwa lugha safi kuliko ya mwanafunzi. Vifaa vinavyodai kuigundua kazi ya mashine havitegemeki kiasi cha kumhukumu mtu, na ningewashauri msivitumie kutoa adhabu. Kinga yenu ni aina ya kazi mnayoomba. Mashine haina yale madaftari 46. Haijui kwamba kosa la juu kwa juu lilitokea kwa wanafunzi 19, wala haina rekodi ya sauti ya dakika 5. Tena mkimkalisha kila mwanafunzi dakika 10 mwishoni, mbele ya kipande chake cha tatu, na kumwuliza “Kwa nini ulichagua somo hili na si lingine?”, mtajua bila shida kama ni lake. Hilo linaongeza saa 3 na dakika 20 kwa kila msimamizi. Ningezitafuta saa hizo hata kama ingebidi kufuta jambo lingine.

Sasa mfumo, kwa kuwa ndio uliotumwa. Kama chuo chenu tayari kina Moodle, ule mfumo wa kuendeshea masomo mtandaoni, na vyuo vikuu vingi vya hapa kwetu vinayo, anzeni na hiyo. Sehemu yake ya kukabidhi kazi inatosha kwa vipande vitatu na mrejesho, na wanafunzi wanaijua. Kama baadaye mtataka mahali ambapo mwanafunzi anajenga kurasa zake na kuamua mwenyewe nani azione, angalieni Mahara. Ilianza New Zealand mwaka 2006 kwa ushirikiano wa vyuo, ni programu huria, yaani msimbo wake uko wazi, na inaunganishwa na Moodle. Hesabuni gharama ya seva na ya mtu wa kuihudumia, na mtu huyo lazima awepo kweli. Programu huria isiyo na mhudumu huanguka muhula wa pili, na ikianguka inaangukia wanafunzi. Google Sites nayo ni nyepesi kujifunza, lakini kwa kawaida inafungwa kwenye akaunti ya barua pepe ya chuo.

Nisimame kidogo hapo kwenye akaunti, kwa sababu watu wengi hawalifikirii hadi siku ya mahafali. Potifolio inadaiwa kuwa mali ya mwanafunzi kwa maisha yake, halafu anapohitimu chuo kinafunga akaunti yake na kila kitu kinapotea. Wala si chuo tu kinachoweza kubadilika. Mwaka 2021 Google ilitangaza kwamba vyuo vilivyozoea hifadhi isiyo na kikomo vingewekewa ukomo wa jumla ya TB 100 kwa taasisi nzima, na kwa waliokuwa wateja tayari mabadiliko hayo yalianza Julai 2022. Vyuo vikubwa duniani vilianza kufuta mafaili na kubana akaunti za wahitimu. Kwa hiyo swali la kwanza kwa muuzaji yeyote atakayekuja na kompyuta mpakato kuwaonyesha mfumo wake liwe hili: mwanafunzi akiondoka, ataondoka na nini, katika umbo gani, na litafunguka bila mfumo wenu? Kama jibu si mafaili ya kawaida kama PDF na picha ndani ya folda moja, mshukuruni na mumsindikize mlangoni.

Swali la pili liwe bando. Wanafunzi wenu watakuwa Nachingwea, Kasulu na Mbulu, wakitumia simu, na intaneti wanainunua kwa fedha za kujikimu. Video ya ubora wa juu inaweza kuzidi MB 100 kwa dakika moja. Mkiomba video ya dakika 5 mmeomba nusu GB, na yule ambaye mkopo wake umechelewa ndiye atakayekosa alama. Sauti ya dakika hizohizo ni MB chache. Picha ya daftari ikipunguzwa ukubwa hadi KB 300 inasomeka vizuri kabisa. Wekeni ukomo wa MB 10 kwa kila kipande, ruhusuni mwanafunzi aandike bila mtandao na kupakia akifika mahali penye mtandao, na muda wa kukabidhi uwe siku kadhaa badala ya saa sita kamili usiku wa Ijumaa. Usawa kati ya aliyepangiwa mjini na aliyepangiwa kijijini unaamuliwa na vitu vidogo kama hivi.

Kuhusu watoto walio darasani, hapa sina nafasi ya kulegeza. Rasimu yenu inaomba picha za darasani kana kwamba ni za mwanafunzi wenu kuzitoa. Si zake. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na sura ya mtoto ni taarifa binafsi. Kenya, yenye sheria yake ya mwaka 2019, ilitoza shule moja faini ya zaidi ya shilingi za Kenya milioni 4.5 mwaka 2023 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Ondoeni kabisa sharti la picha za darasani. Madaftari yapigwe picha majina yakiwa yamefunikwa, na jina la shule lisitajwe kwenye onyesho. Sauti irekodiwe kwa idhini ya maandishi ya mkuu wa shule na ya wazazi kupitia shule, isikilizwe na mwanafunzi na msimamizi wake tu, kisha ifutwe mazoezi yakiisha. Idhini ya wazazi isipopatikana, mwalimu mlezi akae nyuma na saa, ahesabu zile sekunde na kuziandika. Kwenye potifolio ibaki karatasi ya hesabu.

Ajira niitaje kwa ufupi, maana wanafunzi watauliza. Waombaji wa ualimu serikalini sasa wanapita kwenye usaili, na shule binafsi zimekuwa zikifanya hivyo siku zote. Sidhani kuna jopo litakalofungua kiungo cha potifolio na kukisoma chote. Faida iko kwa mwombaji mwenyewe: akiulizwa “Tueleze somo lililokushinda na ulifanya nini”, ana jibu lenye tarehe, namba na sababu, kwa kuwa alishaliandika na kulitetea.

Muhula huu usianze na wanafunzi 160. Chukua 20 wa msimamizi mmoja, wewe mwenyewe ukiweza, mtumie Moodle mliyonayo na vipande vitatu. Kabla ya kwenda shuleni wape saa mbili za kusoma tafakuri mbili kama zile nilizokuandikia hapo juu, wazibishanie, wataje wenyewe ipi ina la kusoma na kwa nini. Maelekezo ya neno la siri yachukue dakika 15 za mwisho. Wasimamizi nao wakae siku moja, wasome potifolio mbili zilezile kila mtu peke yake, watoe alama, kisha wazilinganishe. Mkikuta mmoja ametoa 80 na mwingine 52 kwa kazi moja, msishangae, ni kawaida mwanzoni. Zungumzeni hadi mjue kila mmoja alikuwa anatafuta nini.

Mazoezi yakiisha, chukua potifolio 5 kati ya hizo 20, ondoa majina, mpe mwenzako ambaye hajawahi kuwaona wanafunzi hao. Mwombe aandike kwa kila mmoja sentensi moja: mtu huyu anaweza kufanya nini sasa ambacho hakuweza wiki ya pili, na umejuaje? Akiweza kuandika kwa 4 kati ya 5, nenda kwa mkuu wa idara uombe kupanua. Asipoweza, rudi kwenye maelekezo ya vipande na uyaandike upya, na mjaribu tena kwa kundi dogo kabla ya kuwagusa wale 160.